Dhahabu ya Chunya imeisha kweli, au Mzungu aliondoka kwa sababu nyingine?

Mwana_wa_Mwanjelwa:

Wakuu habari za wakati huu, poleni na majukumu. Mimi niko hapa Mbeya mjini, nina kaduka ka vifaa vya ujenzi, masuala ya madini nayasikia tu kwa wateja wanaoshuka kutoka Chunya kununua kamba, makoleo na mipira ya maji. Sasa baba yangu mdogo amekuja na habari ya Matundasi, kuna mtu ana leseni na duara, yani shimo la kuchimbia, limeshafika mita 14, anataka tuingize milioni 9 tuwe na hisa. Baba mdogo ameshawaka moto kabisa, anataka hata kuuza kipande cha shamba Mbozi. Nimeenda nae kuona kwa macho yangu wiki iliyopita, mwamba wenye dhahabu niliuona, mweupe, upana kama shubiri moja hivi, ila wale vijana wenyewe wakaniambia ukweli kwamba kule chini umekata, hauonekani tena.

Maswali yangu ni haya. Kwanza wazee wengi wanasema dhahabu ya Chunya Mzungu alishaikomba yote enzi za ukoloni ndio maana akafunga akaondoka. Babu yangu mwenyewe alitoka Tukuyu kwa miguu miaka ya 30 kwenda Lupa, huko huko Chunya, kufanya kibarua, akarudi na baiskeli na mablanketi mawili, na mpaka anafariki alikua anasema kule pameisha. Sasa kama pameisha hawa wanaochimba leo wanachimba nini?

Pili, kwa nini dhahabu iko Chunya halafu huku kwetu Rungwe kwenye volkano haipo? Mimi nilijua dhahabu inatoka kwenye moto wa chini, na moto wa chini si ndio huku Ngozi na Rungwe?

Tatu, mwamba unakataje? Yani ulikuwepo mita 14 zote afu ghafla haupo, umeenda wapi? Naombeni anaejua anieleweshe taratibu kabla shamba la watu halijaenda.

Karasha_Makongolosi:

Mkuu karibu sana, na umefanya jambo la maana kuuliza kabla ya kutoa hela, wengi wanakuja kuuliza baadae wakati hela imeshazama.

Mimi niko huku mwaka wa kumi na moja, nilianza kama mpiga mwamba, saivi nina karasha moja, mashine ya kusaga mawe. Hilo la mwamba kukata ndio maisha yetu ya kila siku. Mwamba wa huku sio kama ukuta wa nyumba kwamba umenyooka mpaka mwisho. Unanenepa, unakonda, unakuwa kama uzi, unapotea, mbele unaibuka tena, na saa nyingine unakuwa umesogezwa pembeni kabisa. Sisi tunachofanya mwamba ukikata hatutoboi hovyo. Tunaangalia ukuta. Pale ulipokua mwamba huwa kunabaki alama, udongo laini wa kijivu au wa kijani kijani, jiwe limepondekapondeka, lina mistari kama limeburuzwa. Hiyo alama ukiifuata unafuata njia ya mwamba hata kama mwamba wenyewe haupo. Nina duara moja mwamba ulikata mita nne nzima, tukafuata ule udongo tukaupata tena na ulikua mnene kuliko mwanzo. Lakini nikwambie na la pili ili usije ukanilaumu, kuna duara jingine nilifuata hivyo hivyo mita 9 sikuona kitu, nikaacha milioni sita mle ndani.

Kwa hiyo waulize hao vijana, mwamba ulipokata alama imebaki au nayo imekata? Jibu la hapo lina thamani kuliko maneno yote ya mwenye leseni.

Kingine, leseni yenyewe iangalie. Leseni ya uchimbaji mdogo inadumu miaka 7 na eneo haizidi hekta 10 kwa madini kama dhahabu, na ni ya Watanzania tu. Nenda ofisi ya Tume ya Madini hapo Chunya na namba ya leseni, wakuoneshe kama iko hai na kama hilo duara kweli liko ndani ya mipaka. Nimeona watu wamechimba mwaka mzima kumbe wako kwenye eneo la jirani. Na mkataba uandikwe, mifuko ya mawe inagawanywaje, gharama za maji na matimba, yani nguzo za kuzuia shimo lisiporomoke, zinatoka upande gani, mwenye leseni anachukua kabla ya gharama au baada ya gharama. Hapo kwenye kabla na baada ndio ndugu wanagombana.

jiwe_gumu:

Habari wadau. Mimi nilisoma jiolojia pale Mlimani, nimefanya kazi za utafiti upande wa Saza na Makongolosi kwa misimu kadhaa, ngoja nijaribu kujibu lile la volkano na lile la Mzungu maana ni maswali mazuri sana na nasikia watu wengi wa Mbeya wanayo.

Volkano kwanza. Rungwe, Ngozi, Kyejo hizo ni za juzi kabisa kwa kalenda ya dunia. Kyejo ililipuka mara ya mwisho kama miaka 200 tu iliyopita. Dhahabu ya Chunya haina undugu nazo. Miamba ya Lupa, maana eneo lote kijiolojia tunaliita Lupa, ni ya zamani mno, kuna graniti zina umri wa miaka bilioni 2.7, halafu zikaingiliwa na miamba mingine iliyoyeyuka kutoka chini kama miaka bilioni 1.9 iliyopita, na dhahabu yenyewe ilikuja karibu kipindi hicho hicho. Kwa hiyo moto wa chini ulikuwepo kweli, hapo ulikua unaelekea sahihi, ila ni moto uliozimika kabla hata hakujawa na mnyama wala jani juu ya nchi kavu.

Ilivyotokea ni hivi. Katikati ya Tanzania kuna kipande kigumu cha ardhi ya kale, kinaanzia Kanda ya Ziwa kinashuka mpaka huku. Lupa iko kwenye ukingo wake wa kusini magharibi. Zama hizo kulikua na msukumano mkubwa kwenye ukingo huo, miamba ikabanwa, ikakatika, ikasuguana. Zile sehemu za msuguano tunaziita shia zoni. Maji ya moto sana kutoka chini yakapita humo humo kwa sababu ndio palikua na njia, yamebeba silika, salfa na dhahabu iliyoyeyuka, yakifika sehemu ambapo joto au presha imebadilika yanashindwa kuibeba, yanaitua. Silika ndio ikawa huo mwamba mweupe wa kwaizi uliouona, na dhahabu ikakaa ndani yake na pembeni yake.

Sasa ukielewa hilo unaelewa kwa nini mwamba unakata. Ule udongo laini wenye mistari anaousema Karasha ndio shia zoni yenyewe. Njia ndio ndefu, inaweza kwenda kilomita nyingi, ila kwaizi ilijaa pale tu ambapo njia ilifunguka. Palipobana haikujaa. Msuguano ukifuata kona kidogo, upande mmoja wa kona unafunguka na upande wa pili unabana. Kwa hiyo Karasha na wenzake wanavyofanya bila darasa ndio hasa kinachofundishwa darasani, na nimejifunza mengi kwa watu kama yeye.

Geita na Kanda ya Ziwa ni stori nyingine, kule miamba ni ya umri mkubwa zaidi na dhahabu nyingi imekaa kwenye mawe yenye chuma, ndio maana mtu akitoka Geita akaja Chunya na uzoefu wake wa kule wakati mwingine anachanganyikiwa.

Na Bonde la Ufa nalo lina mchango wake ila kwa namna nyingine. Ukipanda na barabara ya zamani ya Chunya kupita Kawetire ukafika pale World's End ukaangalia chini Usangu yote imelala, ule mteremko ni ufa. Upande wa pili uko mteremko wa Rukwa. Lupa iko katikati ya hizo kuta mbili kama pembetatu iliyonyanyuliwa. Ardhi ikinyanyuliwa mvua inaila, mwamba unaliwa, kwaizi inavunjika, dhahabu kwa vile ni nzito mara 19 kuliko maji haiendi mbali, inazama kwenye mchanga wa vijito. Hiyo ndio dhahabu aliyoenda kuiosha babu yako.

Tukija kwa Mzungu. Dhahabu ya Lupa iligundulika 1922 kwenye mchanga wa mito. Miaka ya mwanzo haikua kubwa. Kilicholeta mafuriko ya watu ni bei. Mwaka 1931 Uingereza iliacha kuifunga thamani ya pauni yake kwenye dhahabu, halafu 1934 Marekani ikapandisha bei kutoka dola 20.67 mpaka dola 35 kwa wakia moja, dunia nzima iko kwenye njaa ya uchumi, watu hawana kazi, dhahabu ni kati ya bidhaa chache zilizopanda. Ndio Lupa ikajaa, wachimbaji Wazungu mamia kwa mamia na vibarua kutoka Rungwe, Ukinga, Usafwa na kwingineko kwa maelfu. Na Mbeya mjini hapo mnapoishi imekua kwa ajili hiyo, ilikua kituo cha kupitishia mizigo na chakula cha Lupa. Mpunga na maharage ya Rungwe yalipata soko kule.

Mchanga wa mito ukaanza kupungua, hapo wazee wako sahihi, ile rahisi ya juu kweli iliokotwa sana. Ikabidi kuingia kwenye mwamba mgumu, na mwamba unataka mashine. Mgodi wa Saza ulifunguliwa 1939 na uliendelea mpaka 1956, na ulikua wa pili kwa dhahabu nchini baada ya Geita. Vita vya Pili vikachukua vibarua, mafuta na vipuri. Baada ya vita kila kitu kikapanda, mishahara, dizeli, baruti, lakini bei ya dhahabu ilibaki imefungwa pale pale dola 35 mpaka 1971. Hebu fikiria duka lako bro, bei ya kununulia saruji inapanda kila mwaka afu wewe bei ya kuuzia umekatazwa kuigusa kwa miaka 37. Utafunga tu hata kama stoo imejaa.

Hiyo ndio sababu kubwa. Hakuondoka kwa sababu dhahabu imeisha, aliondoka kwa sababu hesabu ilikataa. Bei ilivyofunguka na sheria ya madini ya 1998 ilivyokuja watafiti wakarudi, na mgodi wa New Luika ukaanza kuzalisha 2012, uko upande wa Songwe saivi, hapo hapo jirani na Saza ya zamani.

Mama_wa_Mkwajuni:

Nawasalimu wote. Mwanangu Mwana_wa_Mwanjelwa, mimi ni mama wa mwaloni, pale tunapooshea dhahabu, sijui mambo ya miaka bilioni ila najua kuosha na najua marudio, yani mabaki ya mawe yaliyosagwa, na naona hapa hakuna aliekwambia kuhusu marudio.

Miaka mingi tulikua tunasaga kwenye karasha, tunapitisha kwenye zulia, tunatia zebaki, tunachoma, tunapata kidogo, yale mabaki tunayarundika. Anakuja mtu mwenye plenti ya sianidi, mtambo wa kutoa dhahabu kwa kemikali, ananunua rundo zima kwa hela ya kununulia mbuzi. Tunashukuru, tunaona ametusaidia kuondoa takataka. Mimi niliuza marundo matatu hivyo. Siku moja kijana mmoja mpima akaniambia mama, chukua kidogo tupime, tukapeleka maabara. Majibu yaliporudi nilikaa chini. Dhahabu iliyobaki kwenye marudio ilikua nyingi kuliko ile niliyokamata kwa zebaki. Nyingi kuliko. Niliumia sana maana nilikua nasomesha watoto watatu na wawili walikatizwa masomo wakati mali yangu inabebwa na tipa mbele ya macho yangu na mimi nasema asante. Yule mnunuzi simtaji, ila alijua, na sisi hakuna alietwambia.

Jingine ni hii zebaki yenyewe. Wakinamama tunachomea jikoni, kwenye kikaango, mtoto yuko mgongoni. Ule moshi hauna harufu kali kwa hiyo unaona hauna neno. Nimeona watu mikono inatetemeka hawawezi kushika kikombe, wanasema karogwa. Kama utaingia kwenye hii kazi mwanangu, nunua ritoti, ni kile chombo cha chuma kinachofunika na kurudisha zebaki, zebaki yako unaipata tena unaitumia, moshi haukupati. Kuna kituo cha mfano pale Itumbi, cha STAMICO, shirika la madini la serikali, wanaonesha namna ya kuchenjua vizuri, nenda uone kwa macho.

jiwe_gumu:

Mama shikamoo, na pole sana kwa hilo. Umegusa kitu ambacho naona ndio kiini cha swali la huyu ndugu yetu na mimi nilikipita.

Karibu na uso wa ardhi mvua na hewa vimeshafanya kazi kwa muda mrefu. Mwamba unakuwa mwekundu, una kutu. Ile kutu ilikua paraiti, yale mawe ya njano yanayong'aa. Paraiti ikioza inaachia dhahabu, inabaki huru, zebaki inaikamata vizuri. Ukishuka ukakuta maji, mwamba unabadilika, unakuwa wa kijivu, mgumu, paraiti mbichi inang'aa. Hapo dhahabu nyingi imejifungia kwenye paraiti, punje ndogo zisizoonekana, na zebaki haiigusi. Mchimbaji anasaga, anapata robo ya alichozoea, anasema dhahabu imeisha. Haijaisha, imeenda kwenye marudio, na mwenye plenti anaifuata huko.

Naamini wengi wa wazee waliosema Chunya pameisha walikua wamefika kwenye maji. Sio lazima babu yako alikosea, kwa vifaa alivyokua navyo kweli pale paliishia.

Ila mama niongeze jambo kwenye zebaki kwa faida ya wengine. Marudio yaliyopita zebaki yakipelekwa moja kwa moja kwenye sianidi, sianidi inaiyeyusha na ile zebaki iliyobaki, na ikimwagika inasafiri na maji mbali zaidi. Maji ya sehemu kubwa ya Lupa yanaenda Ziwa Rukwa, na Rukwa haina mto unaotoka. Kikiingia kimeingia. Samaki wa kule tunakula wote huku Mbeya, sokoni Soweto wanauzwa kila siku. Kwa hiyo hili sio la wachimbaji peke yao.

Mwana_wa_Mwanjelwa:

Aisee nimesoma zote mara mbili, nimemsomea na baba mdogo kwa sauti. Mama shikamoo na ahsante, pole sana. Kaka jiwe_gumu ule mfano wa saruji umeniingia.

Nimepiga simu kule Matundasi. Vijana wanasema mwamba ulipokata udongo wa kijivu umebaki na upana wa kama vidole vinne. Na maji bado hawajayakuta, jiwe bado jekundu jekundu. Mwenye leseni anasema sampuli yake ilitoka gramu 40 kwa tani, ndio maana anataka milioni 9. Hiyo 40 ni nzuri?

Karasha_Makongolosi:

Sampuli ya nani mkuu? Kama ameokota jiwe lile lenye dhahabu inayoonekana akalipeleka hilo hilo, hata mimi naweza kukupa ya 200. Na siku ile uliyoenda kama ulioneshwa kitu kinang'aa, kigonge na nyundo. Paraiti inapasuka inakuwa unga mweusi, dhahabu inabonyea tu.

jiwe_gumu:

Karasha kasema kweli. Sampuli ichukuliwe kuanzia ukuta huu mpaka ukuta ule, kwa kukata mfereji mdogo kukatisha mwamba, kila baada ya mita moja au mbili kwenda chini, usichague jiwe. Kila mfereji mfuko wake, kama kilo 3, namba yake, na wewe mwenyewe uwepo ufunge kwa mkono wako. GST, taasisi ya serikali ya jiolojia, wana maabara Dodoma. Usichanganye mifuko ili kupunguza gharama, maana unataka kujua dhahabu iko wapi sio wastani wa bahati.

Halafu piga hesabu hii kabla hujashtuka na namba. Tuseme wastani wa kweli ni gramu 10 kwa tani, ambao sio mbaya. Mwamba wenu shubiri moja, sentimita 20. Mtu hawezi kuingia kwenye sentimita 20, kwa hiyo mnachimba upana wa mita moja. Kwa kila mita moja mnayosonga, kimo cha mita moja na nusu, mnatoa mawe kama tani 4, lakini mwamba humo ndani ni tani 0.8 tu. Hapo kuna gramu 8. Zebaki ikikamata theluthi, unashika gramu mbili na nusu hivi, zilizobaki ziko kwenye marudio. Sasa weka baruti, jenereta, kompresa, chakula cha vijana, matimba, karasha, na fungu la mwenye leseni. Na kama vijana wanachanganya mwamba na mawe ya pembeni wakasaga vyote, ile 10 imekuwa 2. Kwa hiyo kuchagua mawe pale juu kabla ya karasha ni nusu ya kazi.

Hiyo hesabu ukiifanya na namba zako za kweli za Matundasi ndio itakwambia kama milioni 9 ni nyingi au la. Na marudio yaandikwe kwenye mkataba kuwa ni mali ya wote, yapimwe kabla ya kuuzwa.

Mama_wa_Mkwajuni:

Hapo kwenye marudio piga mstari chini mwanangu.

Na mvua inakaribia. Mita 14 kwenye udongo mwekundu bila matimba usimruhusu mtu ashuke, hata akikwambia ni dakika moja ya kuchukua sampuli. Tumezika.

Mwana_wa_Mwanjelwa:

Nimeelewa mama, hilo nalibeba. Baba mdogo amekubali shamba lisiguswe kwanza. Tumekubaliana tutaenda Jumamosi, tunapita Tume ya Madini Ijumaa mchana na namba ya leseni, tukikuta iko sawa ndio tunaenda Matundasi. Nimebeba nguzo kutoka dukani kwangu za kuanzia matimba, na mifuko mipya ya plastiki na peni ya kuandikia. Karasha nikifika Makongolosi naweza kukupata uniangalizie huo udongo wa kijivu?

Karasha_Makongolosi:

Njoo mkuu, nipo. Nitashuka mimi kwanza kukagua matimba, wewe utakaa juu uandike namba kwenye mifuko. Beba na kamba ndefu mpya, ya pale duarani siiamini kabla sijaiona.